Mkono wa Baba Yake Murtazi

Alhamisi, juu ya duka la mkate mjini Kutaisi,
joto la tanuri hupenya sakafu likatufika visigino.
Sisi saba twavua makoti, twatandaza magazeti,
kila mmoja na turubai lake kaligeuzia uso ukutani
kama mtoto aliyeadhibiwa.

Zamu ya Murtazi.
Fundi breki wa mabasi, miaka hamsini na mitatu,
alianza kushika rangi mwaka aliomzika babake.
Akageuza picha. Akafuta viganja kwenye suruali,
mara mbili, na vilikuwa vikavu.

Mzee ameketi kibarazani, nyuma yake dirisha la buluu,
shingo imeinama sawasawa, taya limekataa kusalimu amri,
na pajani, mkono wa kushoto
umelala kama glavu iliyosahauliwa na mgeni.

Nikajua. Sote tulijua.

Beso, aliyesomea chuoni, akawahi:
"Samaki mfu huo. Kwangua yote, anza upya."
Akacheka peke yake.
Masikio ya Murtazi yakaiva.
Nami, kwa huruma, nikamvika kilemba cha ukoka:
"Mimi naona nzuri. Nzuri sana. Usiguse kitu."
Alinitazama kama mtu anavyomtazama keshia
aliyemrudishia noti bandia kwa tabasamu.

Jicho lile ninalo hadi leo.
Beso alimtupia jiwe, mimi nilimtupia pamba,
na kati yetu hakuna aliyeitazama picha.

Lamara hakusema neno. Alivuta kiti,
akakaa mbele ya yule mzee kama aliyekaribishwa kwake,
muda wa mkate mmoja kuiva chini yetu.
Kisha: "Shingo hii imenifanya niinamishe yangu.
Mtu huyu namwamini mpaka kwenye kiwiko.
Hapo kwenye kiwiko ananipotea.
Mkono huu, Murtazi, ulikuwa ukishika nini?"

Hakuuliza umekosea wapi.
Ulikuwa ukishika nini.

Murtazi akasema, polepole,
kama anayefungua nati iliyoliwa na kutu.
Babake alikuwa msafisha mitungi ya divai,
ile mikubwa inayozikwa ardhini hadi shingoni.
Alishuka ndani na burashi ya gome la mcheri,
akasugua gizani huku akiimba,
walio juu wapate kujua kuwa bado anapumua.
Miaka arobaini. Vidole havikunyooka tena,
si kanisani, si mezani,
na kwenye jeneza walipovilazimisha, viligoma.
"Niliona haya kuvichora vile," alisema.
"Nikavinyoosha."

Beso alikuwa akichokonoa rangi iliyokauka kwenye ukucha.

"Siwezi kukwambia uvipinde," Lamara akasema,
"wewe ndiye uliyevishika. Ila lile dirisha,
buluu yake inapiga kelele. Ningelipunguza."
"Dirisha lilikuwa hivyo hivyo. Mama alilipaka
rangi iliyobaki kwenye mizinga ya nyuki."
"Basi nimekosea. Liache lipige kelele."
Akacheka, na chumba kizima kikashusha pumzi.

Wiki tatu Murtazi hakuja.
Nilipita karakana yao, nikaona miguu tu chini ya basi,
sikujua kama ni yake, sikuita.

Alipokuja alikuwa na theluji mabegani,
picha kaizungushia blanketi.
Mkono umekwanguliwa hadi kwenye kitambaa,
pale pajani weupe mtupu,
na pembezoni mwa turubai, kwa penseli,
mikono kumi na mmoja midogo,
yote imepinda, yote inatafuta burashi.

"Bado," akasema. "Niambieni ni upi unaowapotea."

Safari hii nilivuta kiti.